Muhuri wa Jumamosi

Juu ya meza ya Kapteni Pokluda zilipangwa noti kumi na tatu: tano za koruna elfu moja moja na nane za mia tano mia tano. Zote zilikuwa tupu. Hata moja haikuwa na ile stempu ndogo iliyobandikwa pembeni, ambayo tangu juzi Jumatatu ndiyo iliyokuwa ikitofautisha fedha na karatasi.

"Unaona nini, mkuu?" aliuliza Luteni Radim Zbořil.

"Naona elfu tisa za marehemu zikiwa zimefungwa ndani ya leso ya marehemu, leso yenye herufi za jina la marehemu. Wewe unaona nini?"

"Naona zisizokuwepo."

Kapteni alijimiminia kahawa. Alikuwa mtu mnene, mchovu, ambaye katika wiki tano hizi tangu nchi igawanyike vipande viwili alikuwa amepokea amri nyingi kuliko katika miaka yake yote ishirini ya kazi. "Radim, mwanangu. Saa kumi jioni gari linaondoka kwenda mjini Brno, na ndani yake atakuwemo Imrich Gajdoš pamoja na faili lake. Mwendesha mashtaka anamtaka. Magazeti yanamtaka. Mslovakia amemuua bibi wa Kicheki wiki ileile tuliyogawana fedha. Unadhani kuna mtu ataniuliza juu ya noti zisizokuwepo?"

"Naomba nikuulize mimi."

"Uliza upesi."

Radim alifungua faili. Bibi Anežka Klimešová, mjane wa miaka sabini na minne, alikutwa Jumatatu asubuhi chini ya ngazi za chumba chake cha mvinyo, kichwa kimepasuka. Chumba kile kilikuwa baridi kama kaburi, na daktari alikataa kutaja siku: labda Ijumaa, labda Jumamosi, hata Jumapili. Siku ilitajwa na kitambulisho chake, kilichokuwa kwenye droo ya jikoni. Ndani yake mlikuwa na muhuri wa kubadilisha fedha: Jumamosi, tarehe sita Februari, koruna elfu nne. Kanuni ilikuwa mtu aende mwenyewe na kitambulisho chake mkononi, abadilishe taslimu isiyozidi elfu nne. Basi Jumamosi asubuhi bibi alikuwa hai.

Imrich Gajdoš, fundi wa kujenga kutoka ng'ambo ya mto ulio mpaka mpya, alikuwa Brno kwenye kazi ya ujenzi tangu Alhamisi, akilala bweni moja na wanaume kumi na wawili. Aliondoka Jumamosi mchana. Jioni alionekana kwenye lango la bibi. Jumapili saa sita mchana alisimamishwa darajani, na maofisa waliokuwa wakizuia watu kuvusha fedha wakaikuta leso.

"Kama bibi alikufa Ijumaa," alisema Radim, "Gajdoš ana mashahidi kumi na wawili. Kama alikufa Jumamosi jioni, hana hata mmoja. Kila kitu kimening'inia kwenye muhuri huu."

"Na muhuri upo."

"Upo. Lakini muhuri unasema bibi alipewa elfu nne zenye stempu. Ziko wapi? Nyumbani hazimo. Gajdoš hakuwa nazo. Tunaambiwa ameua ili aibe, halafu ameacha fedha hai na kuondoka na fedha iliyobakiza siku moja ife."

Kapteni alimaliza kahawa yake. Kisha alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Saa kumi," alisema. "Hata kama utakuwa umenisimamia mlangoni."

*

Imrich Gajdoš aliletwa akiwa ameshika suruali yake kwa mkono mmoja, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, viganja vimepasuka kwa saruji.

"Nieleze tena kuhusu leso."

"Nimeshaeleza mara sita, bwana Luteni. Nyinyi mnaandika tu."

"Mara ya saba nitasikiliza."

Imrich alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilimjengea upya ngazi zile. Wiki tatu. Jumatano, baada ya redio kutangaza kwamba fedha inatenganishwa, akanilipa. Akaniambia, Imrich, huku kwetu mimi nina nafasi moja tu ya elfu nne, nyinyi kwenu mko watatu. Elfu nne yako, elfu nne ya mkeo, elfu moja ya mtoto. Akanihesabia hivyo hivyo. Ukitoka Brno pita moja kwa moja, alisema, dirisha la kwenu linafungwa Jumapili jioni."

"Na Jumamosi ulifuata nini kwake?"

"Sepetu yangu na pima maji. Viliachwa barazani. Niligonga, kimya. Nikadhani amelala. Treni ya kwetu ilikuwa imeshaondoka, nikalala stesheni, Jumapili nikaenda darajani kwa miguu."

"Taa zilikuwa zinawaka?"

"Giza. Hata bomba la moshi halikuwa na moshi." "Bwana Luteni, mwezi wa Desemba mimi na wewe tulikuwa raia wa nchi moja. Ningeua mtu wakati huo, mngeniita muuaji. Sasa naitwa Mslovakia."

Radim alifunga daftari lake. Moshi haukuwepo. Bibi wa miaka sabini na minne, Februari, barafu nje, na jiko limezimwa.

*

Fedha za kijiji cha bibi Anežka, Dolní Brodek, zilibadilishwa katika darasa la pili la shule, na aliyekaa mezani kwa siku zile nne, aliyeazimwa na benki kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, alikuwa mwalimu Drahomíra Vacková. Radim alimkuta akifuta ubao. Watoto walikuwa wametoka kucheza.

"Alikuja mwenyewe," alisema mwalimu kabla hajaulizwa mara mbili. "Jumamosi asubuhi. Alivaa ile skafu yake ya kahawia."

"Alikuwa na afya?"

"Kama kawaida yake. Alilalamika. Alisema mwaka wa hamsini na tatu nao walianza hivihivi."

Hilo lilikuwa jambo ambalo kila mtu kijijini angeweza kulisema kwa niaba ya bibi Anežka. Mwaka wa hamsini na tatu wakubwa waliapa redioni kwamba fedha ni imara, na siku chache baadaye akiba ya watu ikabadilishwa koruna hamsini kwa moja. Mume wa bibi alikuwa ameuza ng'ombe wanne wiki ile. Tangu hapo bibi hakuingiza tena senti yake benki. Ndiyo maana mwaka huu, watu wengine walipoambiwa kinachozidi elfu nne wakiweke benki, yeye alibaki na yake ndani ya nyumba.

"Naomba kuona orodha, mwalimu."

Mwalimu alimpa. Radim aliisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka taratibu. Majina mia tatu na zaidi, mwandiko wa kike ulionyooka kama mistari ya shamba. Kidole kikasimama.

"Anežka Klimešová ni namba mia mbili na kumi na tisa. Kabla yake yupo Florián Mikulka. Huyu si yule mzee aliyekatwa mguu?"

"Ndiye."

"Yeye alivaa skafu gani?"

Mwalimu alishika kifutio kwa mikono miwili.

"Kuanzia mia mbili na kumi na nne hadi mia mbili ishirini na nne," aliendelea Radim, "ni watu kumi na mmoja, na mdogo wao ana miaka sabini na moja. Wote elfu nne nne kamili. Wote saa tatu na nusu. Nje barafu kiasi kwamba gari la maziwa lilishindwa kupanda. Walikujaje, mwalimu? Kwa mbio za kupokezana?"

"Usinidhihaki, Luteni."

"Sikudhihaki. Kuna mtu anapelekwa Brno saa kumi leo, na anapelekwa na muhuri wako."

Mwanamke yule alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Vumbi la chaki lilikuwa limemjaa kwenye mikono ya sweta.

"Kulikuwa na foleni ya watu mia," alisema hatimaye. "Bohumil Brázda, mkuu wa zimamoto ya kujitolea, aliingia na vitambulisho vya wazee kwenye kofia yake. Akasema amevikusanya nyumba kwa nyumba ili wasivunjike nyonga kwenye barafu. Wale wazee ndio waliotulea, Luteni. Ningemwambia nini? Nenda ukamlete babu Florián na mguu wake mmoja? Nikagonga mihuri. Sikutazama hata picha. Nawajua wote."

"Kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Kwa sababu nilisaini karatasi kwamba kila mmoja nimemwona kwa macho yangu. Nitafukuzwa kazi." Alivuta pumzi. "Halafu nikajiambia, hata hivyo alikuwa hai, si Bohumil alipewa kitambulisho na bibi kwa mkono wake? Nikajiambia hivyo siku mbili."

"Na leo?"

"Leo sijalala." Alimtazama. "Lete hiyo karatasi yako."

Aliandika maelezo yake kwa mwandiko uleule mzuri, ukurasa mzima, akasaini. Kengele ililia na watoto wakaanza kuingia. Akasimama, akaendelea kufuta ubao uliokuwa tayari umeshakuwa safi.

*

Babu Florián Mikulka alifungua mlango kwa gongo lake.

"Polisi? Mmechelewa miaka arobaini. Walioniibia ng'ombe wangu wamekufa wote, na mazishi wakafanyiwa na serikali."

"Nataka kujua habari za Jumamosi, babu. Bohumil alikubadilishia fedha?"

"Alinibadilishia. Mtu mwema. Alichukua mia sita zangu za zamani, akaniletea mia sita zenye stempu. Tazama hii inavyobanduka. Ukipiga chafya umekuwa maskini."

"Mia sita tu?"

"Ulitaka niwe na ngapi? Pensheni yangu unaijua?"

"Kwenye orodha umebadilisha elfu nne."

Mzee alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka hadi akakohoa. "Elfu nne! Basi nikabidhi hizo nyingine, bwana mdogo, ninunue mguu."

Radim hakucheka. Alitoka hapo akaenda kwa mjane aliyefuata kwenye orodha, kisha kwa mwingine, theluji ikimwingia viatuni. Nyumba kumi. Katika kila nyumba alianza na swali moja: ulimpa Bohumil ngapi? Mmoja mia tisa. Mwingine mia mbili. Bibi mmoja kiziwi alimwonyesha kwa vidole. Jirani wa bibi Anežka akaongeza habari za trekta la Jumapili. Ilipofika saa nane mchana alikuwa na jumla yake: wazee kumi walikuwa wametoa elfu sita na mia mbili kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa amerudishiwa kiasi chake bila kupungua hata senti.

Lakini vitambulisho kumi na kimoja, pamoja na cha bibi Anežka, vilikuwa vimebadilisha elfu arobaini na nne. Bohumil Brázda, dereva wa trekta la ushirika, aliingia darasani asubuhi ile na elfu thelathini na saba na mia nane zisizo za wazee wala zake. Alizipitisha kwenye nafasi zao zilizokuwa wazi.

Fedha nyingi namna hiyo ndani ya nyumba, katika Dolní Brodek yote, alikuwa nayo mtu mmoja.

*

Kituo cha zimamoto kilinuka mpira na mafuta ya mashine. Bohumil Brázda alikuwa akikunja mpira wa maji, mtu mrefu wa miaka hamsini, masharubu yamechanwa vizuri. Konstebo aliyefuatana na Radim alibaki mlangoni.

"Nasikia umetembelea wazee wangu," alisema Bohumil. "Umewatisha."

"Sasa nakuuliza wewe kuhusu fedha za Anežka."

Mikono ya Bohumil haikusita. Alimaliza kukunja, akauweka mpira chini. "Sawa. Si siri kubwa. Alinipa mwenyewe. Aliniomba nizigawe kwenye vitambulisho vya wazee, zisimwozee. Nusu ya nchi imefanya hivyo. Kama ni kosa, nitozeni faini."

"Alikupa lini?"

"Ijumaa jioni. Na kitambulisho chake."

"Ukamrudishia lini?"

"Jumamosi. Saa saba mchana, jikoni kwake, mkono kwa mkono. Zote. Akanipa na kikombe cha chai."

"Jikoni kulikuwa na joto?"

"Jiko lilikuwa linavuma."

"Jioni yake bomba halikuwa na moshi."

"Nani kasema? Yule Mslovakia?" Bohumil alitabasamu. "Luteni, jioni alishakuwa maiti. Maiti hakoki moto."

"Sawa kabisa." Radim alikaa kwenye ngazi ya gari la zimamoto. "Basi nisaidie jambo moja, nimelishindwa tangu asubuhi. Jumamosi mchana nyumba ile ilikuwa na fedha za bibi zote, zenye stempu, umezirudisha wewe. Jioni Gajdoš anaingia, anaua, anaiba. Jumapili saa sita anakamatwa. Ana elfu tisa, na hakuna hata noti moja yenye stempu. Alizipata wapi hizo tupu, ikiwa ulibadilisha zote?"

"Bibi alibakiza."

"Kwa nini abakize elfu tisa zife Jumapili usiku, wakati wewe ulikuwa na nafasi?"

"Sikuwa na nafasi tena. Vitambulisho vilijaa."

"Haya. Zile nzuri zimeenda wapi? Elfu thelathini na saba."

"Amezificha, atakuwa amezificha. Mnamlisha bure, mnashindwa kumuuliza?"

"Kwa hiyo mtu ameua. Ana fedha nzuri mkono huu, na karatasi mkono huu. Anaificha fedha, halafu anaibeba karatasi hadi darajani, mahali ambapo kila mfuko unafunguliwa, ndani ya leso yenye jina la aliyemuua."

Bohumil alitazama mlangoni. Konstebo alikuwa amesimama palepale.

"Sijakusikia ukisema ulishangaa kukosekana kwake," aliongeza Radim taratibu. "Kanisani Jumapili hakuwepo. Wewe ndiye unayewapitia wazee na trekta kila Jumapili. Mwaka mzima hujawahi kuruka lango lake. Jumapili hii uliruka. Jirani yake alisema alidhani umesahau."

Maji yalidondoka kutoka kwenye mpira uliotundikwa mnarani, tone moja moja.

"Konstebo atafungua makabati," alisema Radim. "Utataka kuniambia lipi kwanza?"

"La mwisho kushoto," alisema Bohumil.

Zilikuwa ndani ya buti la zimamoto, zimeviringishwa kwa gazeti: noti tupu hata moja, zote zenye stempu. Konstebo alizihesabu kwa sauti juu ya boneti. Bohumil alikuwa amekaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani.

"Ijumaa ile sikwenda kumuua," alisema. "Nilikwenda kuchukua kama alivyoniita. Nikamwambia, bibi, nakimbia nyumba kumi kwa ajili yako, nikatie elfu tano. Elfu tano tu, kati ya zote zile. Keshokutwa zingekuwa za kuwashia jiko. Akaniita mwizi. Akasema mimi ni mtoto wa watu wale wale wa hamsini na tatu. Mimi, niliyemletea kuni miaka kumi na nne. Akaushika mfuko wa fedha tukiwa juu ya ngazi, akavuta. Nami nikavuta."

"Halafu akaanguka."

"Nikaachia. Yeye alikuwa bado anavuta."

"Ukashuka kumtazama?"

Bohumil alizitazama noti juu ya boneti.

"Kichwa kilipigwa mara mbili, Brázda. Daktari ameandika."

"Alikuwa anaita," alisema Bohumil. Kisha akanyoosha mikono afungwe pingu.

*

Saa kumi kasorobo Kapteni Pokluda alisoma kurasa mbili za maelezo akiwa amesimama, gari likiunguruma uani: moja ya mwalimu, nyingine ya Radim, iliyoeleza kwamba bibi alikufa Ijumaa na kwamba Jumamosi Bohumil alikirudisha kitambulisho kwenye droo baada ya kupata muhuri. Alizisoma tena. Kisha akafungua dirisha na kumpungia dereva mkono azime injini.

"Mwalimu atafukuzwa," alisema.

"Anajua."

"Na alisaini?"

"Alisaini."

Kapteni alitikisa kichwa, akatoa mkanda wa suruali kwenye sanduku la vielelezo, akaukabidhi kwa Radim.

Imrich Gajdoš aliwekewa noti zake kumi na tatu mezani, akapewa fomu ya kupokea. Alizihesabu moja moja kwa kidole kilichopasuka, kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Alipomaliza aliuliza, "Dirisha la kwetu limefungwa Jumapili?"

"Jumapili jioni," alisema Radim. "Nitakuandikia barua. Nitaeleza kwamba saa sita mchana zilikuwa mikononi mwa serikali, kwamba hukuwa na namna."

"Barua kwenda benki ipi? Yenu au yetu?"

"Zote mbili."

"Yenu itasema mimi si wa kwenu. Yetu itasema zilishikwa na wenu." Alisaini. "Wiki tatu za kubeba mawe. Andika, bwana Luteni. Andika, sijakukataza."

Walitembea pamoja hadi darajani. Kwenye baa ya upande wa huku mwenye baa alikuwa tayari ameandika kwa chaki kwamba mia moja za Kislovakia anazipokea kwa tisini na tano, ingawa serikali zote mbili ziliapa Jumatatu kwamba ni koruna moja kwa koruna moja. Ng'ambo, nyuma ya kizuizi kipya kilichonuka rangi, mwanamke aliyebeba mtoto ndani ya blanketi alisimama mbali kidogo na askari.

Imrich alimwona, akainua mkono. Lakini hakuvuka.

"Mazishi lini?"

"Kesho Alhamisi. Saa nne asubuhi."

"Nani atambeba?"

Katika Dolní Brodek jeneza hubebwa na watu sita wa zimamoto, wamevaa sare, mkuu wao mbele kushoto. Imekuwa hivyo tangu babu zao.

"Watano wapo," alisema Radim.

Imrich alitazama maji ya mto yaliyoganda ukingoni. "Mimi na mkuu wenu tunalingana urefu," alisema. "Askari wa hapa ataniruhusu kurudi kesho asubuhi?"

"Nitakuja mwenyewe kukuchukua."

"Saa tatu, basi. Njia ya makaburini ina barafu, na ni kilima." Akainama chini ya kizuizi, akamwendea mkewe.